Kubebewa mimba: upitie wakala au mpatane wenyewe?

Swali hili linarudi kila mara kwenye makundi ya WhatsApp ya wanawake wanaohangaika kupata mtoto: mtu akishaamua kubebewa mimba na mwanamke mwingine, apitie wakala au amtafute mbebaji mwenyewe? Majibu hayakutani. Mmoja atasema mawakala ni wezi, wanakula mamilioni kwa kazi ya kupiga simu mbili. Mwingine ataapa kwamba bila wakala utanyang'anywa mtoto. Wa tatu ataeleza kwamba mdogo wake ndiye aliyembebea, hawakuandikishana hata mstari mmoja, na mtoto sasa yuko chekechea. Wote watatu wanaweza kuwa wanasema kweli kuhusu walichokiona, na bado ushauri wao ukamponza mtu wa nne, kwa sababu kila mmoja anazungumzia nchi yake, sheria yake na aina yake ya mimba.

Tuanze na maneno. Surogasi ni mpango ambapo mwanamke anabeba mimba na kuzaa, kwa makubaliano ya mapema kwamba mtoto atalelewa na watu wengine. Mwanamke huyo nitamwita mama mbebaji. Wanaomtaka mtoto nitawaita wazazi watarajiwa.

Kuna aina mbili, na kuzichanganya ndiko kunakozaa nusu ya hofu iliyopo. Katika aina ya zamani mama mbebaji anatumia yai lake mwenyewe, kwa hiyo mtoto ni wa damu yake kabisa. Katika aina inayotumika zaidi leo, yai ni la mama mtarajiwa au la mwanamke mwingine aliyelitoa, linarutubishwa maabara kwa njia ya IVF, kisha kiinitete, yaani yai hilo likiwa limeanza kukua, kwa kawaida cha siku 5, kinawekwa kwenye mfuko wa uzazi wa mbebaji. Teknolojia hii si ngeni kwetu. Watoto wa kwanza wa IVF nchini Kenya walizaliwa Nairobi mwaka 2006. Mtoto wa aina hii hachukui vinasaba vya mbebaji. Kupitia kondo la nyuma anapata chakula, hewa na kinga, na hayo si madogo, lakini sura na ukoo wake vinatoka kwa wenye yai na mbegu.

Ile hadithi maarufu ya mama aliyekataa kumtoa mtoto ilitokana na aina ya kwanza. Mtoto alizaliwa mwaka 1986 katika jimbo la New Jersey, Marekani, dunia ikamjua kwa jina la Baby M. Mbebaji alikuwa ametumia yai lake. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilitamka kwamba mkataba ule wa malipo haukuwa halali na kwamba yule mwanamke alikuwa mama kisheria. Mtoto aliachwa alelewe kwa baba, na mama akapewa haki ya kumtembelea. Kesi hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya Wamarekani kuhamia kwenye aina ya pili, na ndiyo nitakayoizungumzia hapa.

Sasa wakala. Wakala wa surogasi ni kampuni au shirika linalowakutanisha wazazi watarajiwa na mama mbebaji, kisha linasimamia safari yao hadi mtoto azaliwe. Kujitegemea maana yake pande mbili zimetafutana na kupatana bila kampuni katikati. Kliniki inabaki ile ile, na mawakili na mahakama wanahitajika vile vile. Mtu akikwambia kwamba anayejitegemea anafanya mambo ya kienyeji, amekosea. Mimba ya kujitegemea inaweza kupita kwa daktari yule yule na maabara ile ile kama ya kampuni kubwa.

Ukitaka kuelewa wakala anaishia wapi, mfikirie mshenga. Mshenga anapeleka posa, anarudisha majibu, anapunguza ukali wa maneno, anajua lini aseme na lini anyamaze. Mshenga mzuri ni baraka. Lakini ndoa hafungi yeye. Inafungwa na kadhi, au padri, au msajili, mbele ya mashahidi. Ukiwa na mshenga hodari na hukufika kwa kadhi, huna ndoa. Ukifika kwa kadhi bila mshenga, unayo. Wakala wa surogasi yuko hivyo hivyo, kwa maana hakuna wakala duniani anayeweza kukufanya mzazi. Kazi hiyo ni ya sheria ya nchi mtoto anapozaliwa na, mara nyingi, ya nchi mtakayoishi naye.

Basi wakala analipwa kwa kazi gani? Kwanza ni kutafuta na kuchuja. Marekani, ambako biashara hii imekomaa, Jumuiya ya Tiba ya Uzazi ya nchi hiyo, ASRM, imeweka mwongozo: mama mbebaji awe na umri wa miaka 21 hadi 45, awe ameshabeba angalau mimba moja iliyofika muda wake bila matatizo, asiwe amezaa zaidi ya mara 5 wala kufanyiwa upasuaji wa uzazi zaidi ya mara 3, na aonane na mtaalamu wa saikolojia. Kuyaandika haya kwenye tovuti ni rahisi. Kazi iko kwenye mafaili. Mwanamke anaweza kusema kwa nia njema kabisa kwamba alijifungua salama, kwa kuwa yeye na mtoto walirudi nyumbani wazima. Faili la hospitali likifunguliwa linaonyesha presha ilipanda wiki za mwisho na mkojo ulikutwa na protini. Hiyo ni dalili ya ugonjwa uitwao priklampsia, unaoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba, na unaweza kurudi kwenye mimba nyingine. Wakala anayejua kazi yake anaomba faili kabla hata hajawakutanisha, ili watu wasianze kupendana halafu daktari aje kuwaambia haiwezekani.

Anayejitegemea hakosi uchunguzi wa kitabibu, kwa sababu kliniki makini itampima mbebaji upya hata angeletwa na nani. Anachokosa ni uchujaji wa nje ya hospitali: kuzungumza na mume wake, kujua kama ana madeni yanayomsukuma, kujua anaishi na nani, nani atabaki na watoto wake akilazwa. Hayo lazima uyafanye mwenyewe au umlipe mtaalamu ayafanye.

Kazi ya pili ya wakala haitajwi kwenye matangazo, nami naiona kubwa kuliko zote. Ni kusema mambo ambayo watu wawili waliokwisha zoeana wanaona haya kuambiana. Mama mbebaji amekwenda kliniki mara tatu mwezi huu kwa nauli yake, anaona aibu kuidai. Wazazi wanataka kujua kama anachoma sindano za homoni kila siku kwa saa ile ile, wanaona aibu kuuliza wasije wakaonekana wapelelezi. Kila upande unameza. Kufika mwezi wa sita limekuwa donge, na linapasuka kwa jambo dogo kama picha aliyoiweka mtandaoni akiwa safarini. Wakala anapokuwapo, maswali hayo yanapita kwa mtu wa tatu na hakuna anayevunjiwa heshima. Wanaojitegemea wakafanikiwa ni wale waliokubaliana mapema kwamba mambo ya pesa yatapitia kwa wakili au mtu mwingine, wao wabaki na mazungumzo ya afya na salamu.

Gharama ndiyo inayowafanya wengi wafikirie kujitegemea. Huko Marekani safari nzima ya surogasi mara nyingi hupita dola 100,000, na ada ya wakala peke yake ni makumi ya maelfu ya dola. Ukimwondoa wakala, ni ada hiyo tu inayoondoka. Kliniki, dawa, mawakili wawili, bima, posho ya mama mbebaji na akaunti ya kutunzia fedha vyote vinabaki. Nimeona watu wakipanga bajeti kana kwamba kujitegemea kunapunguza gharama nusu kwa nusu, halafu wanaishiwa fedha mimba ikiwa na miezi minne. Mimba haisubiri mshahara wa mwisho wa mwezi.

Hapa tukae kidogo, kwa sababu fedha ndiyo inayowaumiza watu wengi zaidi, kwa wakala na bila wakala.

Katika mpango ulionyooka, wazazi watarajiwa hawamlipi mbebaji mkononi na wala fedha ya mbebaji haikai kwa wakala. Wanaiweka kwenye akaunti ya amana inayoshikwa na mtu wa tatu. Mkataba unaeleza lini kila kiasi kitoke: posho ndogo dawa zinapoanza, kiasi kingine siku kiinitete kinapowekwa, halafu malipo ya kila mwezi yanayoanza baada ya mapigo ya moyo kuonekana kwenye altrasaundi, karibu wiki ya 6 au 7. Mbebaji anajua fedha zipo hata wazazi wakigombana. Wazazi wanajua hazitoki kabla ya wakati wake.

Mwaka 2009 kampuni ya wakala iitwayo SurroGenesis, ya Modesto katika jimbo la California, ilianguka ghafla. Wateja waliambiwa fedha zao zinatunzwa na kampuni huru ya amana. Ikaja kugundulika kwamba hiyo kampuni huru ilikuwa ya mwenye SurroGenesis mwenyewe. Zaidi ya dola milioni 2 zilikuwa zimeyeyuka, na baadhi ya kina mama walikuwa tayari na mimba za watu ambao hawana tena cha kuwalipa. Mmiliki alikiri makosa mahakamani na akafungwa. Baada ya hapo California iliweka sheria kwamba wakala asiye wakili hashiki fedha za wateja. Zinakwenda kwenye akaunti ya amana isiyokuwa na uhusiano naye, au kwenye akaunti ya dhamana ya wakili.

Ungedhani somo limeeleweka. Mwaka 2024 ikawa zamu ya kampuni ya amana yenyewe, SEAM ya Houston, Texas. Familia nyingi ziliamka zikakuta haziwezi kutoa fedha zao, jumla ikiwa mamilioni ya dola, na FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ikaanza kuwatafuta walioathirika. Waliokuwa na mawakala wa sifa nzuri na waliojitegemea walilia pamoja. Kwa hiyo swali la kumuuliza anayetunza fedha ni lile lile upite njia yoyote: akaunti iko benki gani, jina la nani, nani mwingine anaweza kuiona, ina bima au dhamana gani, na mimi nikitaka salio leo nalipataje? Anayekwepa hata swali moja kati ya hayo, ondoka.

Jina kubwa nalo si kinga. Mwaka 2011 mwanasheria wa California aliyejulikana sana katika fani hii, Theresa Erickson, alikiri kushiriki njama ambapo wanawake walipelekwa Ukraine wakawekewa viinitete bila kuwapo mzazi yeyote aliyewaagiza. Mimba zilipokomaa, watu walitafutwa na kuambiwa kwamba wazazi wa mwanzo wamejitoa, kisha wakatozwa zaidi ya dola 100,000 kwa mtoto. Sheria ya California inataka mkataba uwe umesainiwa na kila upande, ukiwa na wakili wake, kabla ya sindano ya kwanza na kabla ya kiinitete kuwekwa. Anayekuletea mimba iliyokwisha kuingia anakuuzia mtoto.

Tukifika kwenye sheria, tutaona kwamba nchi nyingine hazikupi hata nafasi ya kuchagua kati ya njia hizi mbili.

New York ilihalalisha surogasi ya malipo kuanzia Februari 2021, na ikataka mashirika ya surogasi yawe na leseni ya idara ya afya ya jimbo. Wazazi watarajiwa wanamlipia mama mbebaji wakili wake, bima ya maisha, na bima ya afya inayoendelea miezi 12 baada ya kujifungua. Masharti haya yanamlinda hata aliyejitegemea. Michigan, iliyokuwa na marufuku kali tangu 1988, ilibadilisha msimamo kwa sheria iliyoanza kazi Aprili 2025. Kwa Mkenya au Mtanzania anayeishi Marekani, swali la kwanza ni jimbo atakalojifungulia mbebaji. Hilo lina uzito kuliko jina la wakala.

Uingereza ni kinyume. Tangu sheria ya 1985, kuendesha uwakala wa surogasi kwa faida ni kosa la jinai, na kutangaza kwamba unatafuta mbebaji au unajitolea kubeba pia ni kosa. Mashirika yasiyo ya faida yapo, kama COTS na Surrogacy UK, na watu wengi wanatafutana wenyewe. Mbebaji hurudishiwa gharama zake za haki. Mkataba haumshurutishi mtu mahakamani, na mwanamke aliyezaa ndiye mama kisheria hadi mahakama itoe amri ya uzazi, inayowafanya wazazi watarajiwa kuwa wazazi kisheria. Ridhaa yake haihesabiki mtoto akiwa hajafikisha wiki 6. Ndugu zetu wa London na Leicester wanaofikiria kuja Nairobi kwa sababu ni nafuu, wasikie hili vizuri: cheti cha kuzaliwa cha Kenya chenye majina yenu hakiwafanyi wazazi mbele ya sheria ya Uingereza. Amri hiyo mtaihitaji hata hivyo, na mama mbebaji anatakiwa kutoa ridhaa yake, isipokuwa kama kweli hawezi kupatikana. Kama wakala wenu wa Nairobi amefunga ofisi na hamna namba ya mama huyo, mtakuwa na kazi ya kuithibitishia mahakama kwamba mmemtafuta na hapatikani.

Afrika Kusini ndiyo ninayoiona imeweka utaratibu safi kuliko wote katika bara hili. Sura ya 19 ya Sheria ya Watoto inataka mkataba upelekwe Mahakama Kuu na kuthibitishwa kabla ya kiinitete kuwekwa. Malipo ya biashara hayaruhusiwi, na kumlipa mtu kwa kazi ya kuwakutanisha hakuruhusiwi. Kwa hiyo wakala kwa maana ya kibiashara hana nafasi pale. Jaji anauliza maswali kabla ya mimba, na mtoto akizaliwa tayari ana wazazi.

Kwetu hali ni ngumu zaidi. Kenya imekuwa na kliniki za IVF, mawakala na akina mama wabebaji kwa miaka mingi bila sheria mahususi. Muswada wa teknolojia ya kusaidia uzazi wa mwaka 2022, wa Millie Odhiambo, mbunge wa Suba Kaskazini, unataka surogasi iwe ya kusaidiana na isiwe ya biashara. Kabla yake kulikuwa na miswada mingine iliyokwama. Pengo hilo limewafika watu wenye majina na nyuso. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kesi ya mapacha waliozaliwa na mama mbebaji. Hospitali haikujua iandike jina la nani kama mama, ikaita serikali, na watoto wachanga wakapelekwa kwenye makao ya watoto ilhali mama aliyewazaa na wazazi waliowataka wote walikuwapo na hawakuwa na ugomvi wowote. Hebu fikiria: hakuna aliyemkana mtoto, hakuna aliyemgombania, na bado watoto walitenganishwa na wote kwa sababu ya nafasi moja tupu kwenye fomu.

Tanzania nayo haina sheria mahususi ya surogasi. Rwanda ilipiga hatua mwaka 2025 kwa sheria ya huduma za afya inayotambua uzazi wa kusaidiwa, surogasi ikiwemo. Pale ambapo sheria haipo, mwenendo wa kawaida ni kwamba aliyezaa ndiye anayeandikwa mama, na wenye yai na mbegu wanakwenda mahakamani kuomba kuasili au amri nyingine.

Kwa hiyo mtu akikuonyesha cheti ukutani na kusema kampuni yake imesajiliwa, elewa maana yake. Cheti cha usajili wa kampuni kinasema kampuni ipo, kama kilivyo cha duka la vifaa vya ujenzi. Hakisemi kuna ofisi ya serikali iliyokagua jinsi anavyowachuja kina mama au anavyotunza fedha. Mahali ambapo hakuna chombo kinachotoa leseni ya surogasi, tofauti ya usalama kati ya wakala na kujitegemea inapungua sana, na uzito wote unahamia kwa wakili. Wakili mmoja wa wazazi, na mwingine, tofauti kabisa, wa mama mbebaji.

Kuna wanaosema: lakini kwetu ni ndugu, mawakili wa nini? Dada amejitolea, mama mkwe ametoa baraka, mambo ya karatasi ni kutoaminiana. Naelewa hisia hiyo, na kubebewa na ndugu ni njia yenye upendo mwingi. Lakini karatasi haiandikwi kwa ajili ya siku za mapenzi. Wazazi watarajiwa wakifa ajalini mimba ikiwa ya miezi saba, mtoto ni wa nani? Wakiachana? Mapacha wakikutwa ni watatu na daktari akashauri mimba moja ipunguzwe, neno la mwisho ni la nani? Dada akifanyiwa upasuaji na mfuko wa uzazi ukaondolewa ili damu isimwishe, yeye aliyetaka mtoto mmoja zaidi wa kwake, familia itamfanyia nini? Ukoo usio na majibu hayo kwa maandishi utayatafuta kwenye kikao cha usiku wa manane, kila mtu akiwa na uchungu wake. Katika ukoo pia kuna shinikizo lisilosemwa. Shemeji wa mwisho, asiye na kazi, anayeishi kwa kaka yake, anaposema ndiyo, ni ndiyo ya namna gani? Wakili wake mwenyewe, au mshauri atakayeketi naye faraghani, ndiye anayeweza kuisikia hapana iliyojificha humo.

Hili linanileta kwa mama mbebaji, anayesahaulika katika mijadala hii kana kwamba ni chumba cha kupangisha. Kwa upande wake swali la wakala lina sura nyingine. Wakala mzuri anampa mtu wa kupigia simu, kikundi cha wenzake waliopita njia hiyo, na ukuta kati yake na mzazi anayetaka kujua amekula nini mchana. Wakala mbaya anamtenga. Huko Anand, Gujarat, kina mama walikaa kwenye hosteli ya kliniki miezi yote ya mimba, mbali na watoto wao, kabla India haijapiga marufuku surogasi ya biashara kwa sheria ya 2021. Dada unayefikiria kubeba, uliza kama utaishi kwako, kama nakala ya mkataba utapewa uende nayo nyumbani, kama umeandikwa kwa lugha unayoisoma bila mkalimani, na nani atalipa hospitali ukitokwa damu wiki mbili baada ya mtoto kuchukuliwa. Swali la mwisho ndilo ambalo mikataba mingi ya haraka hailitaji. Hatari ya mwanamke haiishi mtoto anapolia. Wiki 6 za baada ya kuzaa zina homa ya uzazi, damu kuganda, presha na huzuni nzito, na akiwa hana mtoto wa kunyonyesha, majirani hawatajua kwamba ni mzazi mwenye kuhitaji msaada.

Imani nayo ina neno lake. Wanazuoni wengi wa Kisuni wanaiona surogasi kuwa haramu, kwa ajili ya kulinda nasaba. Kanisa Katoliki linaikataa, na Januari 2024 Papa Fransisko alitaka ipigwe marufuku duniani kote. Wakala hawezi kukuondolea uzito huo, na anayejitegemea hawezi kuukwepa. Zungumza na kiongozi wako wa dini kabla ya kliniki. Mbebaji naye aulizwe amezungumza na wake.

Basi nani apite wapi? Maoni yangu ni haya. Ikiwa huna mtu unayemfahamu, unaishi mbali na mbebaji atakapokuwa, na uko mahali ambapo mawakala wanasimamiwa na sheria, lipa wakala. Kumtafuta mgeni mtandaoni peke yako, usiku, ukiwa na kiu ya mtoto, ndipo matapeli wanapovulia. Wanaomba ada ya uchunguzi, kisha nauli, kisha kodi ya nyumba, halafu simu inazimwa. Ikiwa mtu unaye, mnafahamiana, mmekwisha ongea mambo magumu na mkabaki mnaheshimiana, wakala atakuongezea kidogo kuliko atakavyokutoza. Weka fedha hizo kwa mawakili wawili, mshauri nasaha na bima. Wapo pia mawakala wanaokubali kusimamia tu pale ambapo watu wamekwisha patana, kwa ada ndogo, na njia hiyo ya katikati inawafaa wengi. Na ikiwa uko Kenya au Tanzania, anza na wakili wa masuala ya watoto kabla ya wakala na kabla ya kliniki. Muulize jambo moja tu siku ya kwanza: mtoto huyu akizaliwa katika hospitali hii niliyoitaja, muuguzi ataandika jina la nani kwenye karatasi ya taarifa ya uzazi, na kutoka siku hiyo hadi jina langu liingie itachukua hatua gani na mahakama ipi? Akikujibu kwa mpangilio, hatua kwa hatua, mwambie aandae pia orodha ya mawakili wenzake ambao mama mbebaji anaweza kuchagua mmoja wao bila wewe kuwapo chumbani.